Kinanda Kilichoijaza Nyumba

Nyakasanza, Bunia
Tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Davy,

Nakusalimu kwa moyo wote toka nyumbani. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Liège? Mkeo Carine anakulazimisha kuvaa kofia, au bado una kichwa kigumu kama zamani? Mimi sijambo, ila miguu inavimba kidogo jioni. Mvua inanyesha na maharagwe yamechipua vizuri.

Kinanda ulichonitumia kilifika salama. Kwanza nilikucheka: mjane wa umri wangu, ambaye hata filimbi hajawahi kupuliza, aletewe kinanda cha bei kali namna hiyo! Lakini najua ulitaka nisikae kimya tangu shemeji yako Donatien alipotuacha.

Davy, chombo hiki kina subira kuliko walimu wetu wote. Kibonye cha kupiga kinawaka taa, nami nakifuata. Nikisita, wimbo mzima unasimama kuningoja mpaka nikipate. Siku ya kwanza nililia kwa hilo tu, maana siku hizi hakuna mwingine anayeningoja. Halafu, nje ya masomo, kidole kimoja tu cha mkono wa kushoto kinaleta bendi nzima ya ngoma, besi na magitaa, nayo haimngoji mtu. Ikawa kila magharibi naketi kupiga, sauti nimeifungua yote.

Sasa sikia. Wamama wa shirika letu walikuwa wakipita jioni tusali rozari, kisha tuchambue majani ya sombe pamoja. Wakaacha kuja, mmoja mmoja. Nilidhani wamechoka na mjane. Niliumia sana, na kwa kiburi changu sikwenda kuwauliza. Nikazidi kupiga kinanda.

Mwezi uliopita nilitaka kujipima. Nikazima taa, nikazima na bendi, nikabaki na mkono wangu mtupu. Nilipotea vibaya, nikawa narudia palepale kama mtoto anayejifunza kusoma. Mara nikasikia hodi. Alikuwa Angèle wa shirika, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Alisimama mlangoni akivitazama viti vitupu.

"Mama Honorine, kumbe weye iko peke yako? Siye tulizania iko na wageni kila mangaribi."

Unajua desturi yetu. Nyumba yenye muziki wa bendi huingii bila kuitwa, watu watasema umekuja kunusa sufuria. Basi walikuwa wakipita njiani, wakisikia magitaa wanasema Mungu amemkumbuka Honorine, wanakwenda zao. Na mimi ndani naukodolea mlango macho.

Angèle alikunywa chai, akanicheka mpaka nami nikacheka. Siku hizi anapita, ingawa si kila siku. Wengine bado hawajarudi, na jioni ni ndefu.

Fifi binti yangu anakusalimu toka Mahagi-Port, biashara ya samaki haimpi nafasi ya kuja. Msalimie Carine, na umbusu mtoto wenu Annette shavuni. Mungu awalinde mkiwa njiani na mkiwa kitandani.

Nimebakiza jambo lililonikalisha kuandika. Ile Jumapili ya Julai ulipopiga simu, ulisikia ngoma ukasema, "Yaya, nasikia iko na batu, sitakusumbua," ukakata ukiwa na furaha. Hujapiga tena.

Davy, hapakuwa na mtu. Niliondoa mkono ili nishike simu, bendi ikaendelea yenyewe.

Dada yako akupendaye hata ukinyamaza,
Yaya Honorine