Majani Yaliyochemka Ndani ya Gari Langu

Kwa Mama yangu mpendwa,

Chamgei, Mama. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti limepunguza kukusumbua. Mimi mwili wangu ni mzima. Joto la huku Mombasa nimelizoea, chakula nakula, na kazi pale gereji ipo. Lakini moyoni sina raha tangu nilipoondoka nyumbani, na sababu unaijua ingawa hukuitaja hata mara moja.

Chebet, dadangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Usiruke mahali popote kwa kunionea huruma. Na msishangae kwamba nimeandika kwa Kiswahili badala ya lugha yetu. Nitaeleza nikifika mwisho.

Gari lenyewe bado ninalo. Unalikumbuka, Mama: jekundu, milango miwili, na taa zinazolala ndani ya boneti mpaka ubonyeze swichi ziamke. Watoto wa pale kwetu walipiga mayowe kila zilipoamka. Nililinunua likiwa limegongwa, nikalinyoosha bodi mwenyewe baada ya kazi za tajiri. Nikakata springi likakaribia kulamba barabara, nikaweka na eksozi nene. Huku gereji mimi ndiye mwenye maneno mengi juu ya magari ya spoti, na wenzangu wakibishana huniita niamue. Huwa nawaambia kwamba kubandika sipoila kwenye gari la kubebea maziwa hakuligeuzi kuwa la mbio. Nawaambia turbo ni ya kujisifia tu ikiwa unashinda kwenye foleni ya magari mjini. Gari la spoti halijulikani kwa kelele, linajulikana kwenye kona, pale unapoliomba kitu nalo likakutii. Hayo yote bado nayaamini. Kinachonitia haya ni kwamba siku ile kule nyumbani Kiptere nilitafuta kelele tu.

Ulikuwa umechuma chai tangu umande, wewe na Chebet, majani mawili na kichipukizi, hakuna hata jani moja gumu. Goti lilikuwa limevimba. Nikasema leo hubebi kitu mgongoni, gari lipo. Magunia yakakataa kuingia. Nikayasukuma mengine kwenye buti, mengine kwenye viti, nikayakandamiza kwa goti mpaka buti likafunga. Ukaniambia, “Kipkorir, majani hayashindiliwi. Yanataka hewa.” Mama, mimi nimezaliwa kwenye chai. Hata mtoto wa darasa la kwanza kwetu anajua kwamba majani mabichi yakibanwa hupata joto na kugeuka mekundu, na hapo kiwanda hakiyataki tena. Nikakujibu kwamba ni kufumba na kufumbua, yatafika kabla hayajajua kama yamebanwa. Ndani ya gari hapakubaki nafasi yako. Ukasema utatembea pole pole na akina mama wengine.

Kituo cha kupimia majani kiko kulia ukifika barabara kubwa. Mimi nikapinda kushoto, kwenda sokoni. Nilitaka wale niliosoma nao walione gari mara moja tu, kisha nigeuze. Wakanizunguka. Mmoja akasema, “Fungua boneti tuone hiyo turbo, Kip!” Nikafungua. Mwingine akadai kwamba magari ya rali yaliyopita wakati wa Pasaka yangeliacha langu likila vumbi, na ubishi wa namna hiyo mimi siwezi kuuacha. Nikaingurumisha injini. Nikaziamsha taa na kuzilaza. Nikaweka kaseti, nikafunga vioo ili besi itingishe mlango. Lilikuwa lile jua kali la kabla ya mvua ya mchana, na eksozi niliyoifunga kwa mikono yangu inapita chini ya buti kabisa. Fundi mzima, tena mtoto wa mkulima wa chai, nimesimama nasifiwa huku majani ya mama yangu yanapikika nyuma yangu.

Nilipofika kituoni wewe ulikuwa umeshafika. Ulikuwa umekaa kwenye nyasi unasugua goti, na zamu yako imepita. Mzee Koech, jirani yetu asiyekosa neno, akasema kwa sauti, “Mama Kipkorir amekuja na mguu na ameshinda gari ya resi!” Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani ni mzaha tu utapita.

Karani Ouma akafungua gunia la kwanza akaingiza mkono, akautoa haraka. Akaenda la pili. Unamjua, si mtu wa kupigia watu kelele.

“Mama, hii majani imechemka,” akasema. “Siwezi kupima. Nikiweka hii kwa lori itaharibu ya watu wote.” Kisha akauliza, “Nani alishindilia hii?”

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango wa gari, funguo kidoleni. Baadhi ya wale wa sokoni walikuwa wamenifuata waone nikiondoka kwa mbio. Nikawatazama wao kwanza. Ndipo wewe ukasema, “Ni mimi, karani. Nilikuwa na haraka.”

Wewe, Mama, uliyekuwa kwenye kamati ya kituo! Wewe uliyewafundisha wenzako kubeba majani kwa kikapu chenye hewa. Juzi juzi tu ulikuwa umemrudisha mke wa Koech nyumbani na mzigo wake kwa sababu hiyo hiyo, na sasa alikuwa amesimama pale akikutazama ukimwaga magunia yako kwenye nyasi. Mimi sikukusaidia hata kumwaga. Jioni ukanipa mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa kile kibuyu cha wageni. Asubuhi nikasingizia kazi, nikaondoka.

Sasa Chebet ameniandikia kwamba umejitoa kwenye kamati, na kwamba kituoni huendi tena, unamtuma yeye. Anasema mke wa Koech anawaambia watu kwamba ulikuwa unawasumbua bure na makosa unayafanya mwenyewe. Niliposoma hayo nilitoka gereji nikaenda kukaa nyuma ya choo, mtu mzima mimi, nikalia.

Gari bado lina harufu. Nimeosha viti kwa sabuni na kuanika zulia, lakini jua la huku likiwaka ni kama nimeketi ndani ya kiwanda cha chai. Mteja mmoja aliniuliza kama nauza majani. Zamani ningempa jibu la kuchekesha.

Krismasi nitakuja kwa basi. Kikapu nitabeba mimi, mgongoni, na sokoni sitapita. Nisalimie Baba na ng'ombe wake, nyanya yangu anayeniombea kila Jumapili, na shangazi wa kule Sigor. Msalimie Mzee Koech pia, na mkewe, kwa heshima.

Sababu ya Kiswahili ni hii. Karani Ouma ni mtu wa kutoka ziwani, lugha yetu haimkai vizuri, na ndiye aliyeuliza lile swali. Chebet, barua hii usiifiche kabatini. Siku watu wamejaa kituoni wakingoja lori, mwombe karani nafasi uisome yote, hata hayo ya taa na kaseti, na wakitaka kucheka wacheke. Mama, tafadhali usimkataze, na siku hiyo uende naye. Ukifika hapa chini, dadangu, inua sauti.

Karani, uliuliza nani alishindilia yale majani. Ni mimi. Mama alinikataza.

Mwanao,
Kipkorir