Baba Uliyekataa Kucheza Nami

Baba,

Leo nimeambiwa jambo ambalo ulipaswa kuniambia wewe, na sijui nikukasirikie au nikuombe msamaha. Naandika haraka. Usicheke mwandiko.

Ni miezi minane sasa tangu utuache. Mama yupo hapa Ngezi, magoti yanamsumbua. Redio za watu ulizoacha mezani zimerudishwa kwa wenyewe, isipokuwa ile kubwa ya mwalimu mkuu, maana hakuna fundi anayeelewa ulichokuwa unaifanyia. Mimi bado nafundisha darasa la nne. Na mwezi uliopita padri alipouliza baada ya misa nani atajitolea kuandaa sikukuu ya mababa na mabinti zao, yenye dansi katika sali, ukumbi wa parokia, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Watu wakasema Madamu Mave ana moyo. Moyo gani, Baba? Kilikuwa kinyongo. Nilitaka kuona kwa macho yangu kitu ulichoninyima.

Maana zamani ulikuwa ukicheza nami. Ukimaliza kutengeneza redio ya mtu unaijaribu kwa muziki, unasukuma meza ukutani, unanishika mikono yote miwili. "Zozefina, usiangalie miguu. Miguu iko inajua njia yake." Ndipo ikaja amri ya serikali ya kuacha majina ya kizungu. Mama akanipa jina la mama yake mzazi, yule mzee wa Gety, nami nikarudi kutoka shule nakimbia na karatasi mkononi kukuambia kwamba sasa naitwa Mave. Ulisimama kutoka kwenye kiti chako, ukatoka nje. Tangu siku ile hukunishika mkono tena. Nikiingia, unaacha kiti. Nikikaa mezani, unachukua sahani yako ukale barazani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitafuta kosa langu mpaka nikachoka, nikaamua kwamba hunipendi tu.

Na hospitalini je? Nilikuja na maji ya moto nikuoshe. Ulikuwa kifua wazi. Uliponiona ulivuta shuka, ukajifunika hadi shingoni, ukamwambia muuguzi anitoe. Nikakuambia mbele yake: basi, kufa bila mimi. Nikaenda zangu. Siku ya nne ukafa bila mimi.

Sasa sikia ya leo. Sali ilijaa. Walicheza wote, hata wenye miguu miwili ya kushoto, hata katekista wetu aliyekuwa akihesabu hatua kwa sauti. Isipokuwa Muzee Ngabu, mfyatua matofali, mtu wa upande wenu wa Nizi. Aliegemea ukuta, na binti yake wa miaka kumi amesimama peke yake katikati, gauni la manjano limepigwa pasi vizuri. Damu ilinipanda. Nilimwendea, nikamwambia kwa sauti ya darasani, watu wote wakisikia, kwamba baba anayemwonea haya mtoto wake angemwacha nyumbani. Nilikuwa nasema nawe, Baba. Yeye alikuwa karibu tu.

Hakukasirika. Mtoto alikuwa ametugeukia, na mzee akamvulia kofia.

"Madamu, huyu iko mukwe wangu," akasema. "Iko na jina ya mama ya muke wangu. Mukwe, hawamushikake mukono. Namupenda kupita wote kwa nyumba. Njo maana siwezi kumushika."

Nikamwuliza, na itakuwa hivyo mpaka lini? Akasema, mpaka mtoto mwenyewe amfungulie: ampe kuku, amnyweshe maji kwa mkono wake, amwambie kuanzia leo wewe ni baba yangu. Yeye hawezi kumwomba. Mtu hamwombi mkwe wake kitu kama hicho, ni aibu. "Namungoja akomae," akasema.

Nilikaa kwenye benchi. Kaseti iliisha na watu wakasimama wananitazama, mimi mwenye sikukuu, na sikuweza kuinuka kuigeuza. Mtu mwingine aliigeuza. Mwishowe Muzee Ngabu alichukua kitambaa cha meza, akashika ncha moja, akamrushia mtoto ncha nyingine, wakacheza hivyo, kitambaa katikati yao. Mtoto alicheka muda wote. Sikuweza kuangalia mpaka mwisho.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Alikuwa anachambua maharage. Nilimwuliza kama ni kweli, akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni.

"Weye haukujua?" akasema. "Nilizania unajua. Nilizania njo unamukatalia."

Unasikia, Baba? Miaka kumi na miwili mama yangu aliona kwamba mimi ndiye ninayekunyima. Kwamba nina kiburi. Nawe je, ulizania hivyo pia? Uliniachia kiti kila nilipoingia, ukala upepo wa barazani, ukangoja, na mimi nilikuwa nimekomaa zamani, nina mshahara wa kununua kuku kumi. Nimekaa hapa na kalamu na bado haliniingii akilini. Shuka ile. Ulikuwa unakufa, na bado ulikuwa unamfunikia mkwe wako mwili wako.

Nimekasirika pia, nisikufiche. Heshima gani hii inayomwacha mtoto alie chumbani? Ungemtuma mtu. Ungeniandikia, ulijua kuandika.

Kesho baada ya masomo nakuja kaburini. Mama amekwisha kuchagua kuku. Nimerudi kumwuliza Muzee Ngabu kama marehemu hufunguliwa, akasema hajapata kuona. Nitafanya hata hivyo. Nitakunywesha maji kwa mkono wangu, udongo uyapokee, na nitayasema yale maneno, kwa sauti, hata makaburini kukiwa na watu. Nakuahidi pia kwamba binti yeyote atakayeingia darasani kwangu na jina la mkwe wa baba yake ataambiwa mapema, nami mwenyewe ndiye nitakayemwambia. Muzee Ngabu kasema binti yake atangojewa akomae. Mimi nitamwambia binti huyo asingoje.

Pumzika, Baba. Nisamehe ya hospitalini.

Ni mimi, mkwe wako mpaka kesho saa tisa. Baada ya hapo, binti yako,

Mave