Rakaa ya Nne

Nyumba ya Fundi Saa,
Nyuma ya Msikiti.
Ijumaa, 12 Shaaban

Mpendwa mdogo wangu,

Assalaam aleikum. Hujambo huko ugenini? Kifua kimetulia, au baridi bado inakusumbua? Nakujua wewe, unawapikia wagonjwa mia mbili na mwenyewe unashindia chai. Kula, bwana. Mimi mwili mzima, namshukuru Mola. Kuhusu moyo sitakudanganya: nina upweke.

Eda imebaki siku tisa. Mwanzoni nyumba ilijaa watu mpaka nikatamani waondoke, na sasa wameondoka kweli. Nashinda dirishani nashona sare za shule. Kila shati vifungo sita, na sijakosea hata kimoja.

Ndiyo maana naona haya kukuandikia hili. Nakosea swala.

Unakumbuka mguu ulivyomzuia shemeji yako kwenda msikitini? Miaka tisa aliniswalisha hapa chumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Kuhesabu rakaa nilimwachia yeye. Kabla ya kuinuka kwenda ya nne alikuwa anakohoa kidogo, kwa maumivu ya goti, nami nikajua tumefika wapi. Fundi saa mzima, na mkewe anafuata kikohozi.

Alipofariki sikuukunja msala wake. Niliuacha pale pale, nikaendelea kuswali nyuma yake. Juma lililopita, adhuhuri, nilisujudu nikabaki hapo chini. Nilikuwa namsubiri akohoe. Paji la uso lilipoanza kuuma ndipo nilipokumbuka.

Nilimweleza jirani yangu, Mama Pacha. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Shoga, ukitia shaka kama ni tatu au nne, shika tatu. Ongeza moja, halafu sujudu mara mbili, zile za kusahau, kabla hujatoa salamu. Mungu hakukomoi." Kisha akakimbilia jikoni kwake, wanawe walikuwa na njaa.

Jana alasiri niliukunja msala wa shemeji yako, nikatandika wangu mahali pake. Nilihesabu mwenyewe, nne kamili. Nikatoa salamu kulia, nikatoa kushoto. Malaika wa kuipokea wapo, naamini. Lakini yeye alizoea kugeuka, kunipa mkono na kuniambia, "Mungu akutakabalie." Nilikaa na mkono wangu mapajani mpaka miguu ikafa ganzi.

Ramadhani iko mlangoni, na sitaki kuiingia hivi. Usinitumie kitu. Siku moja tu, ukipata nafasi, nipigie simu baada ya alasiri. Habari za kazi tutazungumza siku nyingine. Uniambie hilo neno la shemeji yako tu, halafu ukate.

Nisalimie wifi yangu, na yule mkorofi wenu wa mwisho umbusu kichwani. Mola akuhifadhi uingiapo na utokapo.

Ni mimi, nikupendaye tangu nikikubeba mgongoni,

Dada yako.