Mkono Ulioshona Zulia la Aizirek

Jumatatu, 16 Januari
Mke wangu Kalipa amejaribu tena kushika sindano. Vidole vimegoma — baridi yabisi hiyo. Binti yetu Aizirek anaolewa Mei, na binti hatoki kwetu bila shirdak, zulia la sufu lililoshonwa nyumbani. La sokoni Kalipa hataki hata kulisikia. Nikasema basi, nitashona mimi. Akacheka mpaka akashika mbavu. Haya. Miaka thelathini na tano ya lori — maturubai yakichanika njiani, nani alikuwa anayashona?

Alhamisi, 9 Februari
Kukata! Unalaza sufu nyekundu juu ya nyeusi, unachora pembe za kondoo kwa chaki, kisu kinapita zote mbili kwa pamoja. Kisha zinabadilishana: pembe nyekundu inakaa kwenye tundu la nyeusi, nyeusi kwenye la nyekundu. Hakitupwi kitu. Leo kisu kimeteleza, pembe ikakatika. Zote mbili, bila shaka. Kalipa akatazama.
"Hongera, baba Aizirek. Kosa lako limezaa mapacha."
Nimenuna hadi chakula cha jioni. Kesho naanza upya.

Jumapili, 5 Machi
Joldosh, dereva mwenzangu wa zamani, kaingia bila hodi, kanikuta na sindano. Sasa gereji nzima inaniita bibi. Hainiumi. (Uongo. Inaniuma.)
Kalipa ana hofu nyingine. Wakwe wakijua zulia limeshonwa na mwanamume, Aizirek atachekwa huko maisha yake yote. Tumekubaliana tuseme kashona mama yake. Nimekubali upesi, na tangu hapo nina kinyongo.

Ijumaa, 31 Machi
Mishono kumi na miwili kwenye upana wa kiganja, yote imelalia upande mmoja! Kalipa kapitisha kidole chake kilichopinda, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Kasema zulia lake la kwanza halikufikia hili. Kalipa huyo, asiyemsifu mtu! Nikatoka nje nikawaambia kondoo. Nina miaka sitini na minne na ninajivuna, wacha nijivune.

Jumapili, 7 Mei
Wakwe wamekuja kukagua vitu atakavyoondoka navyo bibi harusi. Niko jikoni, nangoja birika lichemke, naandika nyuma ya kalenda. Mlango uko wazi kidogo.
Mama wa bwana harusi kaligeuza zulia. Uso hata hakuutazama — anasoma mgongo, mshono kwa mshono. Kisha kamwuliza Kalipa mkono huu ni wa nani, maana anataka mabinti zake waje wafundishwe.
Kalipa anakohoa. Anavificha vidole vyake vilivyopinda.
Aliyejibu ni Aizirek, ambaye leo kwa desturi hapaswi hata kuinua macho.
"Ni mkono wa baba."
Hakuna anayecheka. Birika linafurika, nami nimesimama na kofia mkononi — naivaa, naivua, naivaa.
Wananiita.