Mistari Miwili Mitupu ya Bagira

Siku ya Jeudi, mvua. Ziwa halionekani tangu asubuhi. Mwili uko bureau, kazini, kichwa kinaelea huko nje kwenye ukungu.

Vita imeleta watu wengi mu Bukavu. Kazi yangu kwa shirika ni kuwapanga kwenye mashini ya kompyuta: wanalala commune gani ya mji, walitoka kijiji gani. Kesho camion ya mablanketi inaondoka kwa kufuata karatasi yangu.

Ile amri ya GROUP BY naipenda, jamani. Naiambia tu ipange kwa kijiji, na kila mutu anaenda kukaa na wa kwao, bila barrière za wenye silaha barabarani, bila matope. Ambao hawakutaja kijiji haiwafukuzi. Inawaweka pamoja kwenye mstari mmoja, pa jina patupu.

Halafu amri ya ROLLUP inaongeza jumla ndogo ya kila commune, na pale pa kijiji nayo inapaacha patupu. Ndiyo maana leo commune yetu ya Bagira ilitoka na mistari miwili isiyo na jina.

Chef akashika kalamu, bic nyekundu. "Total ya Bagira haiwezi kuwa mbili. Ule wa hesabu ndogo ni kosa." Akaukata, na mablanketi yake nayo.

Maman Nsimire alikuwa ndani ya ule mstari uliokatwa.

Alikimbia kutoka upande wa Shabunda, analala kwetu nyumbani, Bagira. Nilimwandikisha mwenyewe. Nilipomuuliza kijiji aliangalia dirisha. Kwenye barrière alizopita, kutaja kwenu kungeweza kukuua. Wengi wananyamaza hivyo.

Mimi kubishana na wakubwa sijui, lakini mdomo ulifunguka wenyewe. "Papa, hii haiko total. Hii iko watu."

Nikaongeza GROUPING kwenye swali ninaloiuliza mashini. Kwenye mstari wa jumla inaandika moja, kwenye mstari wa watu inaandika sufuri. Chef akaweka kidole kwenye ile sufuri.

"Bon. Andika basi Inconnus."

Inconnus! Asiyejulikana, Maman anayenipikia chai kila asubuhi? Nikaandika "Hawakusema". Chef akacheka, "We mutoto uko kichwa nguvu," akatia sahihi.

Nimerudi nyumbani nimelowa. Maman Nsimire alikuwa anapepea makala. Bila kuulizwa, akanitajia kijiji chake, polepole, kama mutu anayeonja chumvi. Nililia, sioni haya kusema.

Sitakiandika. Blanketi lake liko ndani ya camion tayari, na lile jina amenipa mimi, si mashini. Kesho kwenye mashini pale pa kijiji chake patabaki patupu, na mimi nitajua ni wapi.