Nimempa Mbwa wa Shangazi Dawa ya Minyoo, Sasa Daktari Anamwita Profesa

Mshauri mpendwa wa redioni, nisaidie kabla ya Alhamisi. Mimi ni fundi wa maabara kwenye kituo cha mifugo, na daktari wetu anachunguza mbwa wenye minyoo, kwa sababu minyoo haikai tu tumboni ikila vya bure, ikiwa bado michanga hupitia mapafuni, na kote inakopita bakteria wanaoishi mle hubadilika, wengine wanajazana na wengine wanatoweka, basi tunachukua kinyesi na ute wa mapafuni, tunalinganisha na wa mbwa wazima, na sharti ni moja tu, wiki mbili kati ya kipimo cha kwanza na cha pili mbwa hapewi dawa, akishamaliza anatibiwa bure.

Sasa mmoja wao ni mbwa wa shangazi yangu, mimi ndiye niliyemwandikisha, na kila jioni shangazi ananipokea na "We mtoto, mbwa wangu kabaki mifupa, hilo koti jeupe umevalia nini?" mpaka siku ya nne uzalendo ukanishinda, nikaficha kidonge kwenye kipande cha nyama, mbwa akameza, nami nikanyamaza. Kipimo cha pili, minyoo hakuna! Tena bakteria wake, utumboni na mapafuni, wameanza kufanana na wa mbwa wazima. Daktari karuka kama kafunga goli. "Huyu kajiponya! Ana bakteria wanaofukuza minyoo!" Kampa jina la Profesa, picha yake kaibandika ukutani, na Alhamisi anawatangazia wageni ugunduzi huo. Shangazi naye anatembea kifua mbele, anawaambia majirani mbwa wake ana akili za ukoo. Nikisema nafukuzwa kazi, nikinyamaza moyo unanisuta. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Huruma

*

Fundi, nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikakasirika. Pole, mwanangu. Huruma yako sina ugomvi nayo, kiumbe akikonda mbele ya macho yako lazima roho iume. Lakini mlango wa daktari ulikuwa wazi! Ungesema, "Huyu amezidiwa, tumtoe kwenye uchunguzi tumtibu," na yaishe. Wewe ukajifanya daktari, mtafiti na mpishi kwa mpigo mmoja.

Unaogopa kufukuzwa. Haya. Sasa fikiria yule atakayesikia kwamba wako mbwa wanaojiponya. Si atamwacha wake na minyoo akingoja muujiza? Na mayai ya minyoo hiyo yanaangukia mchanga uleule wanaochezea wanawe. Mficha uchi hazai, nawe umeficha vya kutosha.

Barua yako nimeisoma leo Jumatatu makusudi. Kesho asubuhi, kabla daktari hajashika kazi, ingia na pakiti ya dawa mkononi. Taja siku, taja kiasi. Na shangazi usimtupie lawama, yeye alilalamika tu, mkono uliotoa kidonge ni wako. Daktari atafoka. Mwache afoke, huo ni wakati wake, usimkatize na machozi. Akitulia mwambie vipimo vya mbwa huyu avitenge na vya wenzake, aandike kwamba hivi ndivyo bakteria walivyokuwa siku kumi baada ya dawa. Nayo ni habari, tena ya kweli, ila haina makofi mengi. Ukitoka hapo pitia kwa shangazi umweleze mwenyewe, asije akasikia kwa jirani akakukana mbele ya ukoo mzima.

Kazi unaweza kuikosa, sikudanganyi. Lakini huyo daktari hajui kitu, na Alhamisi anakwenda kusimama mbele za watu na furaha yake yote, aseme uongo aliopewa na wewe. Usimwache asimame.