Kiti cha Sekela

Rayners Lane, London

Mpenzi Baba Sekela,

Kamwene, mume wangu. Natumaini barua hii inakukuta mgongo umetulia na lori halijakulaza porini tena. Mama mkwe miguu inaendeleaje? Mwanetu Yohana bado anakohoa? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine ndiyo yaliyonishikisha kalamu, maana kwenye simu unaweka spika na Sekela anasikia kila neno. Barua nimempa Upendo, yule muuguzi ninayesali naye Stratford, anakuja likizo. Isome ukiwa peke yako.

Kwanza baridi. Nilikuja huku najigamba, mtu wa Makete, nimekulia kwenye umande unaoganda juu ya majani ya viazi, nani wa kunitisha? Basi nimenyooshwa. Ya kwetu jua likitoka inakimbia. Ya huku inakaa kutwa, na giza linaingia kabla sijamaliza kuwapa wazee ninaowahudumia chai ya jioni.

Na wewe una kesi ya kujibu. Niliponunua hili gari kwa mzee wa kanisa, ni wewe uliyeshangilia: "Linasukuma kwa nyuma? Hilo ndilo gari! Kama lori langu." Njoo sasa ulione likisukuma kwa nyuma kwenye barafu. Asubuhi moja wiki iliyopita nilikuwa naenda kwa Bi Margaret, bibi ninayemtoa kitandani na kumwogesha. Kwenye kimlima ambacho kwetu wala kisingeitwa mlima, tairi za nyuma zikazunguka bure, makalio ya gari yakaenda upande wake, nikateleza kinyumenyume hadi ukingoni mwa barabara. Nilipofika nilimkuta bibi wa watu amekaa kwenye shuka iliyolowa, analia. Nililia naye.

Bosi alinipigia kabla sijavua koti. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema nikichelewa hivyo tena atatafuta mtu mwingine. Unajua maana yake: kibali changu cha kukaa kimeshikwa na huyu mwajiri mmoja. Akiniacha, narudi mikono mitupu, na shamba la bondeni tulishaliuza kumlipa wakala aliyenileta huku. Likizo nimenyimwa mpaka baridi ipite. Nimebanwa, mume wangu, mbele na nyuma. Kuna siku nakaa tu ndani ya gari nje ya nyumba ya mgonjwa, na mkono unakataa kufungua mlango.

Ndiyo maana siku yangu ya mapumziko nililipeleka gari Southall, kwa Mzee Harbans, fundi wa Kipunjabi mzaliwa wa Nakuru. Alifungua boneti, akachovya kipimo chake kwenye rejeta, akanitazama kama nimemtukana.

"Mama, hii maji ya bomba nani ameweka?"

"Mimi. Kila Jumamosi. Mume wangu ndivyo anavyofanya."

"Bwana yako anaendesha wapi?"

"Makete, Tanzania."

"Basi akae huko huko! Hapa hii maji itaganda, ipasue injini yote. Ungelia wewe!"

Alipokiona na kidumu changu cha akiba chini ya kiti, alicheka mpaka akashika kiuno. Nami nikacheka. Ni siku nyingi sijacheka na mtu kwa Kiswahili. Akamwaga maji yote, akaweka dawa isiyoganda, akapima betri, akavua tairi vipara na kufunga za majira ya baridi. Mimi nilitaka za nyuma tu. Akagoma, akasema, "Ya mbele isiposhika, kona utakata namna gani?" Akafunga zote.

Halafu akauliza, "Nyuma huwa anakaa nani?"

"Hakuna mtu."

"Ndiyo shida sasa. Hii gari nyuma nyepesi sana. Ni gari ya watoto hii. Wakikaa, inashika barabara."

Hakujua alichosema, mzee wa watu. Nilikumbuka tope la masika, wewe unapiga kelele "Pandeni nyuma! Wote nyuma!" na wanao wanarukia juu ya viazi wakishangilia, hawajui kama wao ndio uzito wenyewe.

Baba Sekela, nimemuuliza mshauri wa mambo ya vibali, kisha nikamuuliza mwingine, nikidhani wa kwanza hakunielewa. Wakala alitudanganya. Wenye kibali kama changu hawaruhusiwi kuleta watoto wala mume. Gari la watu watano nililinunua kwa ajili yenu, na hamji.

Buti kufuli lake limekufa, halifunguki. Mzee Harbans akaleta mifuko miwili ya mchanga, midogo, si lumbesa, akaipakia kwenye viti vya nyuma. Akanionyesha kuifunga mkanda, nikikanyaga breki ghafla isije ikanipiga kisogoni. Kesho yake theluji ikaanguka. Gari likapanda kile kimlima bila kuyumba, nikamkuta Bi Margaret mkavu, ananingoja. Kwa sasa kazi ipo.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, amsugue Yohana kifua na mafuta niliyompa Upendo. Msalimie shemeji, mwambie suruali ya kazi nimeipata. Jirani anayekuchotea maji ukiwa safarini, mwambie sijamsahau.

Sekela nilipowatumia picha ya gari alichagua kiti cha nyuma yangu, ili anisuke nywele nikiendesha. Jumapili ameniuliza kama bado kipo. Nilimwambia kipo, hakuna mtu aliyekikalia. Kwamba hawaji, mwambie wewe, mimi sauti haitatoka. Lakini la mchanga usimwambie.

Mkeo akupendaye,
Mama Sekela